Ringi, Kunguru na Barua ya Mwalimu Mkuu

Kwanza tuelewane. Kuna Magogoni ya Dar es Salaam, ile ya Ikulu na kivuko. Kuna Magogoni ya Lamu, kwenye Ghuba ya Manda, ile ya kambi ya wanamaji. Halafu kuna Magogoni yetu ya Kisauni, ambayo haina rais wala manowari. Ina sisi, tuktuk, na vumbi la kugawana. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu wakisikia natoka Magogoni huniondokea kwa heshima, na mimi nimechoka kuwarudisha vitini.

Sasa malalamiko yangu.

Nina mpwa wangu yuko Marekani, jimbo la Indiana, mwaka wa sita huu. Wajomba wenzangu hapa mtaani wakitumiwa kitu na wapwa zao huenda kukitoa kwa wakala wa M-Pesa. Mimi vyangu huja kwenye simu moja kwa moja na havigeuki unga: ni picha. Tena si picha za theluji wala za magari, ambazo angalau ningewaringia majirani. Ni picha za majumba ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari. Ya zamani. Mengine yamefungwa, vioo vimevunjika, na hayo ndiyo ayapendayo zaidi.

Jumamosi, badala ya kulala kama mtu aliyekesha zamu tano za usiku, huwasha gari akaenda mwendo wa kutoka hapa hadi Malindi na kurudi, kisa na maana kuna kijiji ambacho shule yake ilikuwa na ukumbi wa tangu 1921. Huko ni Knightstown. Asema ndiko walikopigia ile filamu ya Hoosiers ya 1986, na mpaka leo watu huingia, wakarusha mpira mara mbili tatu, wakatoka wakifuta macho. Kuna New Castle, ambako ukumbi wa shule watajwa kuwa mkubwa kuliko wa sekondari yoyote duniani. Anderson nao walikuwa na wao wenye viti karibu 9,000, ukafungwa 2011 kwa sababu gharama zilishinda mfuko. Viti elfu tisa! Vya kutazama watoto wa kidato cha tatu! Mimi siku ya kusomewa matokeo ya mwanangu nilikalishwa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yakinigonga kidevu.

Na hadithi ya Milan nimeisikia mpaka naweza kuisimulia nimelala. Shule ya kijiji, wanafunzi 161, mwaka 1954 ikachukua ubingwa wa jimbo zima kwa kuwafunga vigogo wa Muncie Central 32 kwa 30, mpira wa mwisho ukirushwa na kijana aitwaye Bobby Plump. Mpwa wangu akifika hapo sauti humkwama. Kijana wa Kisauni, lakini huyo Plump amlilia kama binamu yake.

Basi mwezi uliopita akanipigia. "Mjomba, mbona hatuna picha za jimu za kwetu? Za shule za zamani? Nipigie basi nizitie pamoja na za huku."

Nikamwambia sawa. Nadhani ni lile neno "mjomba". Ukiitwa hivyo kwa sauti ya upole huwezi kukataa chochote isipokuwa pesa. Tena nilikuwa na sababu yangu ya siri, nitaifikia.

Jumanne asubuhi nikatoka, simu imejaa chaji, shati nimechomekea. Nikamwambia kijana wa boda, "Nipeleke kwenye jimu ya zamani." Hakuuliza swali. Akapita vichochoro vitatu, akakata kona penye kisima, akanishusha mbele ya ua la mabati. Ndani vijana wanne vifua wazi walikuwa wakinyanyua vyuma, na nikisema vyuma nawastahi tu, maana ilikuwa ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, miwili miwili kwenye bomba la maji. "Hii ndiyo ya zamani kuliko zote," akasema wa boda kwa fahari. Mwalimu wao, kifua kama mlango wa Lamu, akanizunguka mara moja, akalitazama tumbo langu, akatoa hukumu: "Mzee, miezi sita." Nikalipa mia ya boda, na hamsini ya kiingilio kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia.

Kosa lilikuwa langu. Jimu, kwa Kimagogoni, ni pahali pa kutafutia kifua. Na neno lenyewe wasomi wasema lilitoka kwa Wayunani wa kale, mzizi wake ukiwa ni "uchi", kwa sababu wao walifanya mazoezi bila nguo. Kwa hesabu hiyo wale vijana wanne walikuwa karibu na asili kuliko mpwa wangu na majumba yake yote.

Ukweli ni kwamba ukitaka mpira wa kikapu chini ya paa Mombasa, waenda Makande, kwenye ukumbi wa Mamlaka ya Bandari, ambako akina dada wa KPA wamewachapa wageni miaka na miaka. Shule zetu nyingi zina uwanja tu: saruji, nguzo mbili, mbao mbili, na jua moja latosha wote. Saa nane mchana saruji ile yaweza kukaanga bajia. Sisemi kwamba paa ndilo huleta ushindi. Wasichana wa Kaya Tiwi, kule Kwale ng'ambo ya Likoni, wametwaa ubingwa wa shule za Kenya zaidi ya mara moja bila kungoja viti elfu tisa.

Kinachoniudhi ni kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya paa. Desemba 1891, mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, nje baridi kali, ndani vijana wa chuo cha YMCA wamechoshwa na mazoezi ya kupiga mikono hewani. Mwalimu wao, Mkanada James Naismith, akamwendea bawabu wa jengo akamwomba maboksi mawili. Bawabu hana maboksi. Ana vikapu viwili vya mapichi. Basi vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani, na ukingo huo ulikuwa futi kumi kutoka chini. Ndiyo sababu mpaka leo, kutoka Indiana hadi Kisauni, ringi iko futi kumi. Si sayansi, ni roshani. Vile vikapu vilikuwa na matako yake, kwa hivyo mpira ukiingia lazima mtu apande ngazi kuutoa. Mechi ya kwanza ilikwisha moja kwa bila, hata mwenye ngazi hakutoka jasho.

Mara nyingine nawaza, lau Naismith angekuwa mwalimu wa huku kwetu, bawabu angemletea mapakacha mawili ya makuti, na leo dunia nzima ingekuwa yacheza mpira wa pakacha. Halafu najirudi. Bawabu wa kwetu asingeleta kitu. Angemwuliza, "Una barua?"

Najua kwa sababu niliulizwa. Shule ya kwanza siitaji, nina jamaa wanasoma pale. Soja wa lango alikuwa mtu wa bara, rungu kwapani, redio sikioni.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Nimekuja kuona uwanja wa basketi."

"Kuona tu?"

"Na kuupiga picha."

"Ya nini?"

Hapo nilikwama, maana swali hilo nilikuwa sijajiuliza mwenyewe. Akanisukumia kitabu cha wageni. Jina, nikaandika. Namba ya kitambulisho, nikaandika. Namba ya simu, saa ya kuingia. Kwenye "Unamwona nani" nikafikiri kidogo, nikaandika "Ringi". Akaisoma kwa kidole, herufi moja moja.

"Huyu Ringi anafundisha somo gani?"

Nikamweleza. Akafunga kitabu. "Siwezi kukufungulia bila barua."

"Barua ya nani?"

"Ya mwalimu mkuu."

"Na mwalimu mkuu yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Basi nifungulie nikamwombe hiyo barua."

"Bila barua?"

Tukatazamana. Yule bwana hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na mantiki, ambayo ni mbaya zaidi. Nikakaa kwenye tofali chini ya mwarobaini mpaka naibu wa mwalimu mkuu alipotoka kununua mahamri. Akanikuta: shati la kuchomekea, simu mkononi, macho kwenye uwanja wa shule. Mahamri yakamsimama kooni.

"Ni wewe wa ile kampuni?"

Kampuni gani sijui mpaka leo. Lakini kufumba na kufumbua walimu wanne walikuwa langoni, na mpishi na mwiko wake. Na siwalaumu. Huku kwetu mtu aliyechomekea shati akisimama akiupima uwanja wa shule kwa macho, hakuna anayefikiria basketi. Kila mtu afikiria hati miliki. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road kule Nairobi walirudi shuleni wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Walipouangusha ukuta walipigwa mabomu ya machozi, sare mwilini. Tangu hapo mpishi yeyote mwenye akili timamu hutoka na mwiko.

Nikaona niokoe mbavu zangu. Nikafungua simu nikawaonyesha zile picha za Indiana, nikasema natumwa na mpwa wangu, yuko Marekani. Lo! Laiti ningelisema hilo mapema. Hilo neno moja lilifungua lango ambalo barua isingelifungua. Kiti kikaja. Soda ikaja, baridi. Mpishi akauficha mwiko nyuma ya kanga. Naibu akanishika mkono, akanizungusha shule nzima kama bwana harusi: hili tanki lavuja, piga picha, hivi vyoo vinne vimejaa, piga, hii maabara haina mfereji, piga, paa la jiko, piga na moshi uonekane.

"Na uwanja wa basketi?" nikauliza.

"Ah, huo hauna haraka."

Nilipoufikia simu ilikuwa asilimia tatu. Na uwanjani limeegeshwa basi la shule, limeuziba wote. Nikapiga picha moja. Ni picha nzuri ya basi.

Shule ya pili niliingia bila taabu kwa sababu haina lango. Lango lilikwenda na ringi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita pale kama nzige: ringi mbili, mlingoti wa bendera, hata kengele iliyokuwa kipande cha reli. Nguzo za basketi zimebaki kwa kuwa zimezikwa kwenye zege, na hata hivyo moja ina alama za msumeno, mtu alianza akaitwa chakula. Mtakumbuka Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, watu walipofikia kufungua mpaka minara ya stima. Miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa, nasi tukarudi kulala na masufuria yetu chumbani. Kisichochukuliwa na mizani huliwa na chumvi. Chuma cha Pwani hakizeeki, huyeyuka. Mpwa wangu ana majumba ya miaka mia. Mimi natafuta ringi iliyofika kumi.

Ya tatu ilikuwa shule yangu mwenyewe.

Nilisoma pale mwisho wa miaka ya themanini, na nilikuwa kwenye timu. Nasema kwenye timu kama vile mtu asemavyo yuko kwenye ukoo. Tulikuwa wachezaji kumi na wawili na jozi saba za raba. Anayetoka huvua, anayeingia huvaa, zikiwa bado na moto wa mwenzake. Mguu wangu ni namba kumi na moja. Kwa hivyo kocha akitaka kubadilisha mchezaji alitazama kwanza miguu ya watu, na kila mara macho yake yalinipita.

Isipokuwa mara moja. Mechi na majirani zetu, sekunde za mwisho, sisi nyuma kwa pointi moja, na wenzangu wawili wametolewa kwa makosa matano matano. Nikaingia na raba nilizoziponda visigino kama ndara. Sijui hata nilifanya nini, ila nilisukumwa, filimbi ikalia, nikapewa mitupo miwili. Mmoja kuingia tutoe sare, yote miwili tushinde. Wa kwanza ulipiga ubao ukaenda kwa watazamaji. Wa pili ulitua juu ya ringi. Ukazunguka. Ukazunguka tena. Mara ya tatu ulipunguza mwendo kama gari lenye kutafuta pa kuegesha, halafu ukatokea kushoto.

Nikaitwa Raundabauti mpaka namaliza kidato cha nne. Kuna watu wazima, wenye wajukuu, wakiniona Kongowea sokoni bado huchora duara hewani kwa kidole.

Hii basi ndiyo sababu yangu ya siri. Miaka thelathini na kitu nimesema, nyumbani, barazani, hata mbele ya mkwe wangu, kwamba ile ringi ilikuwa imeinama kushoto. Mke wangu husema, "Nshasikia." Sasa nilikuwa na simu yenye kamera, na mpwa wa kunisingizia.

Langoni soja mwingine, swali lile lile: barua. Nilikuwa nimeanza kutafuta tofali la kukalia, nikasikia sauti upande wa kivuli. Ni yule mama wa viazi karai. Alikuwa akituuzia tukiwa wanafunzi, naye yupo, karai lipo, ila sasa ana mjukuu wa kupokea pesa. Akanikazia macho.

"Si Raundabauti huyu?"

Nikaitika, nifanyeje.

"Mwache apite, mwanangu," akamwambia soja. "Huyu hana la kuiba hapa. Alishindwa hata kutia mpira."

Lango likafunguka.

Uwanja umepasuka katikati, mizizi ya mwembe imeinua saruji. Ringi ya upande wa lango haipo. Ile ya upande wa pili, yangu, ipo! Haina wavu, imekuwa rangi ya chai ya mkandaa, lakini ipo. Na ndani yake kunguru wamejenga.

Si wachache. Tundu zima, vijiti na nyaya na kipande cha hanga ya nguo, limekaa kwenye ringi kama yai kwenye kikombe. Hawa ni wale kunguru wetu wa shingo ya kijivu, wa asili ya Bara Hindi, waliofikishwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa miaka ya 1940. Yaani kunguru na kikapu ni wa rika moja, wote wageni, wote wamezagaa. Tena yule ndege amekielewa kikapu kuliko sisi. Amekirudisha kama alivyokiacha Naismith: kina matako, na ukitia kitu hakitoki.

Nikasogea nipate picha ya ubavuni, maana ndiyo itakayoonyesha mwinamo. Kunguru wa kwanza akalia. Wa pili akanishukia kisogoni. Nikakimbia, nikarudi nimejifunika gazeti, nikapiga, nikakimbia. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wameshatoka darasani kunitazama, na baadhi yao, nina hakika, walikuwa wakihesabu pointi za kunguru.

Picha kumi na moja. Nane ni mabawa. Moja ni kiatu changu. Mbili zimetoka, na kwenye zote mbili, wallahi, ringi imeinama kushoto! Nikamwita kijana mmoja mrefu, mwenye jezi, ambaye bila shaka ndiye mchezaji wao. Nikampa simu kwa mikono miwili kama cheti.

"Tazama hapa. Waonaje?"

Akatazama. Akageuza simu kidogo. Akaigeuza tena. Kijana mwenye adabu, alikuwa akitafuta maneno.

"Mzee," akasema, "na huu mwembe mbona pia umeinama?"

"Upi?"

"Wa nyuma. Na ukuta. Na wale wenzangu." Akanirudishia simu. "Ringi iko sawa. Uliishika simu upande."

Picha ya pili nimeifuta. Ya kwanza nimempelekea mpwa wangu, pamoja na ile ya basi. Alijibu usiku ule ule kwamba ya kunguru ndiyo bora kuliko zote alizonazo, kwamba ataichapisha kubwa aitundike ukutani, na akauliza uwanja ulijengwa mwaka gani na nani aliyeuchora. Nikamwandikia kwamba aliyechorwa ni mimi.

Jioni nikaenda barazani kunywa kahawa, na kwa kuwa sikuwa na pa kuutolea uchungu wangu, nikaipitisha simu. Watu wakacheka kunguru, wakacheka Raundabauti, wakapitisha. Ikafika kwa jirani yangu mmoja ambaye ana mizani na mkokoteni, na shughuli zake huwa za alfajiri. Yeye hakucheka. Aliipanua picha kwa vidole viwili, akaishusha chini mpaka kwenye shina la nguzo, akaitazama kwa huba.

"Bomba la inchi nne," akasema. "La zamani hilo, zito, siku hizi halitengenezwi. Hapa ni wapi?"

Nikamnyang'anya simu, nikaitia mfukoni.

"Indiana."

Akanywa kahawa yake taratibu, akafikiri.

"Na hizo gari zake," akauliza, "zapandiwa Mwembe Tayari ama Buxton?"